Kungojea Karibu na Kiota



Mwaka wa 2019 nilipata nafasi ya kufika Uskoti, nchi alikozaliwa Livingstone. Hapa Katanga kila mtu anajua jina la Livingstone. Lakini wachache wanakumbuka kwamba Frederick Stanley Arnot, yule aliyefika Bunkeya kwa Mwami Msiri mwaka wa 1886, naye alikuwa mtu wa Uskoti, mzaliwa wa Glasgow. Tangu siku zile kuna njia kati ya nchi ile na nchi yetu. Basi waamini wa kule walinialika nikae nao majuma mawili. Nilitoka Lubumbashi, nikapita Addis-Abeba na London, nikashuka Edinburgh tarehe 1 ya mwezi wa 4.

Nilifikiri nitarudi na habari za makanisa makubwa ya mawe. Nilirudi na habari ya ndege. Si ndege ya kupanda, hapana. Ndege wa manyoya.

Baridi na jua pamoja

Walionialika walikaa katika jimbo la Perthshire, si mbali na mji mdogo wa Dunkeld, mahali mto Tay unapita kati ya vilima. Nilipofika, majira ya baridi yalikuwa yanaondoka na yale wanayoyaita printemps yalikuwa yanaanza. Msifikiri kwamba kulikuwa na joto. Juu ya milima theluji ilikuwa bado inaonekana. Asubuhi majani yalikuwa meupe kwa baridi, saa sita jua linatoka, saa nane mvua ya mawe inapiga, saa kumi jua tena. Mwenyeji wangu aliniambia kwamba kwao mtu anaweza kuona majira yote ine katika siku moja. Nilimwamini, maana nilivaa makoti mawili na bado nilitetemeka.

Hata hivyo dunia ilikuwa inaamka. Wana-kondoo walikuwa wanaruka shambani. Maua ya manjano yalisimama kando ya barabara. Miti mingi ilikuwa bado mikavu sawa kuni, lakini ukitazama karibu unaona vidole vidogo vya majani vinataka kutoka.

Siku ya pili mwenyeji wangu aliniuliza: “Pasta, unapenda kuona mgeni mwingine aliyetoka Afrika juma hili?” Nilifikiri ananipeleka kwa ndugu Mkongomani. Alinipeleka porini, kando ya ziwa dogo. Jina la ziwa lile sitalitaja, na sababu yake mtaiona mbele. Kulikuwa na kibanda cha mbao chenye tundu refu la kutazamia, na ndani yake mzee mmoja ameketi kwenye kiti, darubini mbele yake, daftari juu ya magoti.

Ng'ambo ya maji, labda mita mia mbili hivi, ulisimama mti wa msonobari uliokauka kichwa. Juu yake kilikaa kiota kikubwa cha matawi, kipana kuliko kitanda cha mtoto. Na juu ya kiota alisimama ndege mmoja, peke yake, anatazama kusini.

Mvuvi wa mabawa

Ndege huyu Wafaransa wanamwita balbuzard. Mimi nitamwita tai-mvuvi. Msimchanganye na tai wetu wa maziwa, yule mwenye kichwa na kifua cheupe ambaye sauti yake inasikika mbali asubuhi. Huyu ni mdogo kuliko yule. Mgongo wake ni wa kahawia, tumbo jeupe, na mstari mweusi unapita kwenye jicho lake sawa kitambaa cha mnyang'anyi. Uzito wake kwa kawaida haupiti kilo 2, lakini mabawa yakifunguliwa yanafika mita moja na nusu, hata zaidi.

Chakula chake ni samaki, karibu samaki tu. Anasimama hewani juu ya maji, anapiga mabawa pasipo kwenda mbele, kiisha anaanguka miguu mbele na kuingia majini. Muumba amempa vyombo vya kazi yake. Kidole chake cha nje kinaweza kugeuka nyuma, hivyo anamshika samaki kwa vidole viwili mbele na viwili nyuma. Chini ya vidole ngozi yake ina miiba midogo, inakwaruza sawa tupa ya fundi, ili samaki asiteleze. Anapomchukua, anamgeuza kichwa mbele, upepo usimzuie njiani. Mtu wa atelye angeona mara moja kwamba hiyo ni kazi ya fundi mzuri.

Kabla maziwa ya Ulaya hayajaganda, tai-mvuvi anakuja Afrika. Wale wa Uskoti wengi wanakaa Senegal, Gambia na Guinea-Bissau, safari ya kilometa 5000 na zaidi, wakivuka bahari na jangwa la Sahara. Wengine wa Finland na Urusi wanashuka mpaka Afrika ya kati na ya kusini, na huonekana hata kwenye maziwa na mito mikubwa ya Kongo yetu. Kama wewe ni mvuvi, pengine umekwisha kumwona na ukafikiri ni ndege wa kwenu.

Sasa sikilizeni jambo lililonishangaza. Bwana na bibi hawasafiri pamoja. Mwisho wa mwezi wa 8 jike anaondoka kwanza. Dume anabaki kidogo kulisha watoto, kiisha naye anaondoka. Kila mmoja anakaa mahali pake huku Afrika, peke yake, miezi sita au saba pasipo kumwona mwenzake. Hakuna simu, hakuna barua. Mwezi wa 3 unapokwisha au mwezi wa 4 unapoanza, kila mmoja anarudi kwa njia yake, kwenye mti uleule, kiota kilekile. Anayefika kwanza anangoja.

“Huyu ni mama,” mzee aliniambia. “Alifika tarehe 29, siku ya tano ya juma. Bwana bado.”

Mzee wa kibanda

Mzee huyu hakuwa mwalimu wala mtu wa serikali. Alikuwa mchimba makaa ya mawe kule Fife, ng'ambo ya maji ya Edinburgh. Alipojua kwamba mimi natoka nchi ya shaba, mtoto wa mfanyakazi wa mgodi, alinipa nusu ya kiti chake na kikombe cha chai. Kingereza yangu ni ya shule ya Biblia, nilikosoma miaka mitatu ng'ambo ya Zambia, na Kingereza yake ilikuwa ya Uskoti kabisa. Lakini watu wa mgodi wanaelewana. Aliniambia habari za migodi yao iliyofungwa mmoja kwa mmoja, mpaka ule wa mwisho wa chini ya ardhi, Longannet, uliojaa maji na kufungwa mwaka wa 2002. Nilimwambia ya kwetu. Tulikaa kimya kidogo, sawa watu waliofiwa na ndugu mmoja.

Yeye ndiye aliyenieleza sababu ya kuficha jina la ziwa. Zamani Uskoti ilikuwa na tai-wavuvi wengi. Watu waliwapiga risasi, na matajiri walipenda kukusanya mayai yao na kuyaweka katika sanduku za kioo, kwa kujivuna tu. Karibu mwaka wa 1916 kiota cha mwisho kikanyamaza. Nchi nzima ikabaki pasipo hata jozi moja inayozaa.

Mwaka wa 1954 ndege hawa walianza kuzaa tena katika pori la Abernethy, upande wa ziwa Garten. Lakini wezi walikuwa bado. Mwaka wa 1958 walinzi waliwekwa, na hata hivyo mtu mmoja alipanda mti usiku, akachukua mayai, na mahali pake akaweka mayai ya kuku yaliyopakwa rangi ya viatu! Mwaka uliofuata, 1959, bwana George Waterston wa chama cha kulinda ndege alifanya jambo ambalo wengi waliliona wazimu. Badala ya kuficha kiota, alikifungua kwa watu wote waje watazame. Alifikiri kwamba macho mengi yanalinda kuliko waya. Watu kama 14,000 walikuja mwaka ule, na vifaranga watatu waliruka. Leo Uskoti ina zaidi ya jozi 200. Viota vichache vinaonyeshwa kwa watu wote. Vingine vinafichwa, juu ya wezi ambao hawajakwisha.

Si mbali na pale tulipokaa kuna ziwa jingine, Loch of the Lowes, ambalo kiota chake kinajulikana sana. Jike mmoja ambaye watu walimwita Lady alirudi pale miaka 24, toka 1991 mpaka 2014. Alitaga mayai 71, na vifaranga 50 waliruka. Mwaka wa 2010 aliugua sana juu ya kiota, na watu walioona picha zake kwa kamera walijua anakufa. Kiisha akafungua macho, akasimama, akaruka. Mwaka wa 2015 watu walimngoja. Hakurudi.

Kila asubuhi

Toka siku ile nilikwenda kibandani kila asubuhi, mbele ya mikutano yangu. Mwenyeji wangu alicheka, akasema amealika pasta na amepata mlinzi.

Mama ndege hakukaa bure. Hilo nalisema kwa wale wanaofikiri kungojea ni kukunja mikono. Alikwenda kutafuta matawi makavu, akayaleta mmoja mmoja kwa miguu, akayapanga kwa mdomo. Kama tawi limekaa vibaya, alilitoa na kulirudisha mara tatu, mara ine. Kiisha alileta majani makavu na manyoya ya mti, akayaweka katikati, mahali pa mayai, akayalalia kwa kifua ili kupafanya kikombe. Kunguru wawili walikuja kuiba, aliwafukuza. Alikwenda kuvua mwenyewe, akala mwenyewe kwenye tawi. Kwa desturi, bwana akifika, yeye ndiye analeta samaki, na bibi hatoki tena sana. Lakini huyu hakuwa na mtu wa kumletea.

Kila mara ndege mkubwa alipopita mbali juu ya vilima, aliinama, akainua kichwa na kulia kwa sauti nyembamba. Kiisha alinyamaza. Alikuwa ndege mwingine.

Mzee alifungua daftari na kunionyesha. Miaka mitano iliyotangulia, dume alikuwa amefika kila mara mbele ya tarehe 6. Alikuwa na pete ya rangi ya buluu mguuni, yenye alama za kumtambulisha. Tarehe 6 ikapita. Tarehe 8 ikapita. Tarehe 10 mvua ya mawe ilipiga, kiisha theluji ikaanguka. Niliona mgongo wake unakuwa mweupe, naye hakuondoka.

Jioni ile bibi yangu aliniandikia kwa WhatsApp toka Likasi. Nilikuwa nimemwambia habari hii toka mwanzo.

“Baba watoto, ule mama ya ndege alisha pata bwana yake?”

“Bado.”

“Maskini! Basi weye nawe usikawie kule.”

Nililala na neno lile.

Hubiri langu linavunjika

Sasa niwaungamie jambo. Toka siku ya kwanza nilikuwa naandika hubiri katika daftari langu. Kichwa chake: Uaminifu wa Ndoa. Pointi tatu. Ya kwanza, bibi anarudi kwa bwana wake. Ya pili, bibi anamngojea bwana wake. Ya tatu, hakubali mwingine. Andiko langu lilikuwa Yeremia sura ya 8, pale nabii anaposema juu ya ndege wanaojua majira ya kurudi. Nilikuwa nimetafuta mfano mzuri hivyo kwa miaka mingi, na tazama, Mungu ameniwekea juu ya mti!

Nilimsomea mzee. Alisikiliza mpaka mwisho, kiisha akatikisa kichwa.

“Pasta, nisamehe. Hamrudii bwana. Anarudia kiota.”

Akanieleza. Ndege hawa wameshikamana na mahali. Kila mmoja anarudi kwenye kiota, na kwa sababu wote wawili wanapenda kiota kimoja, wanakutana tena. Ndiyo sababu jozi nyingi zinadumu miaka mingi. Lakini mmoja akikawia, yule mwingine hangoji mwaka mzima. Majira ni mafupi. Mayai yanahitaji siku 37 hivi za kulaliwa, vifaranga wanahitaji majuma saba au nane mpaka kuruka, na kabla ya baridi kurudi lazima wawe na nguvu za kufika Afrika. Basi baada ya majuma mawili hivi, dume mwingine akija na samaki, atampokea.

“Na kama ule wa zamani akifika nyuma?” niliuliza.

“Watapigana. Na akishinda, pengine atayasukuma mayai ya mwingine nje ya kiota.”

Nilifunga daftari langu. Sikupenda kusikia hivyo. Nilitaka yule ndege awe sawa na mtu mmoja ninayemjua, na mtu huyo ni mama yangu.

Mwaka wa 1994 baba yangu aliondoka. Nilikuwa na miaka 13, mimi mkubwa, nyuma yangu wadogo wane. Ninyi wazee mnakumbuka nyakati zile katika miji yetu, mishahara ilivyokosekana. Wanaume wengi walikwenda Angola, upande wa Lunda, kutafuta diamanti. Baba aliuza baiskeli yake, akatuambia: “Nitarudia mbele ya Noeli.” Noeli ikafika. Ikafika ya pili, na ya tatu. Mpaka leo hatukupata habari yake, hata kaburi.

Mama alibaki katika nyumba ile. Alilima muhindi na muhogo kando ya mji, aliuza makala na samaki wa tomsoni sokoni. Ndugu wa baba walitaka kutugawa, huyu huku, huyu kule, alikataa. Mtu mmoja mwema wa kanisa letu alimuomba ndoa, alikataa. Na kila jioni, baada ya kugawa bukari, aliweka sahani moja pembeni, akaifunika na sahani nyingine. “Hii ni ya baba,” alisema, na hakuna aliyeigusa.

Nimehubiri sahani ile mara nyingi. Nimeihubiri Likasi, Kolwezi na Kambove. Watu wamelia. Kwangu ilikuwa picha ya mtu anayejua kungojea. Na sasa mzee wa Fife alikuwa ananiambia kwamba ndege anangojea majuma mawili tu.

Siku ya posho, tarehe 13

Siku yangu ya mwisho kibandani ilikuwa siku ya posho, tarehe 13. Mbingu zilikuwa safi. Karibu na saa tatu ya asubuhi mama ndege aliinama na kulia, lakini safari hii hakunyamaza. Dume alikuja juu ya maji, samaki miguuni, akapanda juu sana, akaanza kucheza hewani: anapanda, anatelemka, anapanda, analia. Hivyo ndivyo wanavyoomba ndoa. Nilimshika mzee mkono. Nilisema “Amefika! Amefika!” sawa mtoto.

Mzee alikuwa na jicho kwenye darubini. Alikawia kusema.

“Hakuna pete,” alisema. “Si yeye.”

Dume mgeni alishuka kwenye ukingo wa kiota. Mama ndege alifungua mabawa na kumfukuza. Akarudi, akamfukuza tena. Mara ya tatu aliweka samaki katikati, mahali pale alipokuwa amepatengeneza kwa kifua chake, akasogea pembeni, akangoja. Yeye alitazama samaki muda mrefu. Kiisha akaenda, akala.

Mzee aliandika saa katika daftari. Nilimwuliza ule wa zamani yuko wapi. Akasema njia ni ndefu: kuna tufani za bahari, kuna jangwa, kuna bunduki, kuna nyaya za umeme. “Hatujui,” alisema. Kiisha akasema neno ambalo halikuhusu ndege. Alisema miaka yote aliyoshuka mgodini usiku, bibi yake alikuwa anaamka mbele ya saa kumi na moja, anawasha moto na kusikiliza viatu vyake njiani. Siku moja, yeye akiwa mzee tayari, alimwuliza alikuwa anafikiri nini saa ile. Bibi akamjibu: nilikuwa nafikiri moto usizimike.

Sahani

Nilirudi Likasi juma la mbele ya Pasaka. Siku ya pili nilikwenda kumsalimu mama. Nguvu zake zimepungua, lakini akili na ulimi viko palepale. Nilimweleza yote, mti, theluji, dume mgeni na samaki. Nilifikiri atamhukumu yule ndege. Alicheka mpaka akapangusa macho.

“Sasa ulipenda afanye nini? Afe na njaa juu ya mti?”

“Lakini mama, weye ulimungojea baba.”

Alikaa kimya. Kiisha akasema: “Nilingojea, njo. Mwaka ya kwanza, mwaka ya pili. Nilisikiliza kila gari. Lakini kiisha, mwana wangu, nilikuwa na kazi. Ndege iko na majira yake. Miye nilikuwa na batoto batano.”

“Na ule mubwana wa kanisa?”

“Alikuwa muntu muzuri. Lakini alitaka miye, hakutaka nyie. Angekuja na samaki ya kutosha watu sita, ningesikia.”

Nilibaki na mdomo wazi. Nikamwuliza juu ya sahani. Kila jioni, ya baba, imefunikwa. Alinitazama sawa vile mtu anavyomtazama mtoto ambaye hakufunga kifungo.

“Asubui, mbele ya kwenda ku masomo, mulikuwa munakula nini?”

Nilikumbuka. Bukari baridi na sombe. Kila asubuhi, vipande vitano vidogo, mimi ndiye niliyegawa. Hatukujiuliza hata siku moja vimetoka wapi.

“Kama ningesema ni ya kesho, mungekula yote usiku ule ule,” mama alisema. “Lakini chakula ya baba, hakuna mutoto wa kuigusa.”

Miaka mingi nimehubiri sahani ya kungojea, na kumbe ilikuwa sahani ya shule.

Neno kwenu

Mwezi wa 7 mzee alinitumia picha kwa simu ya mjukuu wake: vifaranga wawili juu ya kiota, wamefungwa pete zao. Dume wa zamani hakuonekana tena. Mwisho wa mwezi wa 8 mama yao aliondoka, nao wakafuata nyuma, kila mmoja kwa njia yake, kuja huku Afrika.

Wapenzi, katika miji yetu leo kuna wanawake wengi wanaotazama barabara. Bwana amekwenda kuchimba kobalti, au amekwenda kutafuta kazi Zambia, au anaendesha lori mpaka bandari. Mimi pasta nilikuwa nawaambia: “Ngojeni sawa mama yangu.” Sitasema tena hivyo pasipo kusema yote. Mama yangu hakukaa anatazama barabara. Alipanga matawi, alifukuza kunguru, alificha chakula cha asubuhi. Mwanamke akifanya hivyo, tusimuongezee mzigo kwa kumwuliza kila siku kama bwana ametuma habari. Tumpelekee unga.

Na wewe baba unayeondoka, taja siku ya kurudi, na kama siku ile haiwezekani, piga simu na useme kwamba haiwezekani. Ndege hana simu. Wewe unayo mfukoni.

Siku ile niliporudi nyumbani toka kwa mama, niliingia jikoni na kumwuliza bibi yangu ni nani anayekula mbele ya masomo. Alishangaa sana kwa ulizo langu. Kiisha akanionyesha sahani iliyofunikwa.